Moshi kwa Ajili ya Kamera

…sabini na mbili, si tisini, Advera alitaka kumsahihisha, huo ndio umri wa marehemu, siku mdogo wake Bernadeta anazaliwa yeye alikuwa na miaka saba, ndiye aliyekimbia kumwita mkunga, lakini yule mwandishi wa televisheni, Ummy, alikwisha kusema "ajuza wa miaka tisini ameuawa" mbele ya kamera, na sasa amechuchumaa naye humu jikoni, "Pole bibi, turudie, safari hii ulie kidogo, watazamaji waguswe," alie na nini, machozi yalimwishia Jumanne kwenye shamba la karanga, alipomkuta Bernadeta amelala, panga mara tatu shingoni na mara moja mkononi, mkono aliokingia uso, vidole viwili kando kwenye mchanga, akaviokota, akavifunga kwenye kitenge, nani mwingine angeviokota… "Halii huyu," Ummy akamwambia mpiga picha, "tupieni kuni mbichi, moshi utamliza," na aliyeinama kuzitia ni Masolwa, mtoto wa kaka wa mume wa Bernadeta, "Vumilia, mama mkubwa," kwa sauti ya msibani, Masolwa yuleyule aliyesimama mlangoni kwa Bernadeta mwezi wa tatu akimfokea, toka kwenye shamba la ukoo, mchawi wee, karanga hizi hutazivuna, shamba la ukoo gani, pori lile alilifyeka mume wa Bernadeta kwa mikono yake mwaka sabini na tisa, Advera anaujua mpaka mwezi… moshi ukampanda puani, ukamwingia machoni, yakawaka, "Hapohapo, bibi! Usipanguse! Vuta karibu, chukua macho!" macho, Mungu wangu, macho, si ndiyo waliyomtangazia Bernadeta hapa Puge, mtazameni macho yake mekundu, miaka hamsini ya kupikia kuni na mavi ya ng'ombe ikaitwa uchawi, na sasa wanamwekea na yeye yaleyale, saa mbili kwenye taarifa ya habari nchi nzima itayaona, na Masolwa haitazami kamera, anamtazama yeye, machoni, kisha shingoni, polepole… "Bibi, ulijisikiaje ulipomkuta dada yako?" nilijisikiaje, kila mtu anauliza nilijisikiaje, hakuna anayeuliza nani, polisi wameandika watu wasiojulikana, na yeye alimwona Masolwa akiosha panga kisimani, akanyamaza, siku nne amenyamaza ili aishi, akisema atakuja, asiposema atakuja, panga ni lilelile, basi na aje nimekwisha kusema… hofu ikamtoka, mahali pake pakabaki hasira tupu, ingekuwa yeye ndiye mwenye panga asingeishia mara tatu… "Bibi? Ulijisikiaje?" kipaza sauti kilikuwa palepale chini ya kidevu, moshi haujapungua, Masolwa bado amepiga magoti na ukuni mkononi, na Advera, bila kupangusa uso, akamwelekea, akaanza kumtaja, jina lake, na la baba yake, na la babu yake, ili wasije wakakosea ni Masolwa yupi.