Maharagi Mabovu Yakae Juu

Wewe unayesoma, usijifanye mgeni. Siku askari walipopakia maharagi ya watu pale sokoni Butembo ulikuwepo, ukitazama kiatu chako kama vile umekinunua jana. Basi leo tazama huku.

Vita vilikuwa vimeshakula barabara ya Eringeti. Mama Kanyere, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, alibakiwa na kitu kimoja tu duniani: nusu ya shehena ya maharagi. Nusu nyingine ilikuwa ya Kambere Sudi, Mwislamu, maana hakuna mwingine aliyekubali kugawana naye faida na hasara sawasawa. Mvua ikawakuta njiani Mbau, kamio iliyobeba mzigo ikavuja, maharagi mengine yakashika ukungu.

Kanyere alijua dawa, na wewe unaijua: mabovu chini, mazuri juu, na uso wa kanisani. Kambere akakataa. Dini yake, alisema, haimruhusu muuzaji kuficha kilema cha mali. Mabovu yatakaa juu, mnunuzi ayaone kwanza. Kanyere akamwuliza kama dini hiyo italisha batoto yake pia. Wateja walikuja, wakakunja pua, wakaenda kwa jirani yao Zacharie, ambaye maharagi yake yaling'aa kama viatu vya padri siku ya Pasaka. Asubuhi nzima Zacharie aliwauliza washirika hao wawili kwa upole kama wanauza maharagi ao wanayazika.

Ndipo akaingia komanda Grady na askari wake, kuchukua chakula cha vita. Ndivyo walivyouita wizi ule. Akainamia gunia la Kanyere.

"Madesu gani hii? Maharagi gani?"

Kanyere alifungua mdomo aseme yote yameoza. Kambere akamtangulia.

"Ilinyeshewa Mbau, komanda. Ya juu iko mubaya. Ya chini iko muzuri kabisa."

Kanyere alishika rozari yake, si kwa kusali, bali kwa kupima kama itatosha shingo ya mshirika wake.

Grady alimkodolea macho Kambere. Tangu aletwe Butembo, hakuna mfanyabiashara aliyewahi kumwonyesha mazuri yalipo. Akacheka mpaka bunduki ikamteleza begani.

"Papa, unafikiri miye mutoto? Nani anaweka muzuri chini?"

Akaamuru wapakie ya Zacharie, yote.

Kule kambini Rughenda, askari walipofungua magunia wapike, chini ya mng'aro wakakuta ukungu na mawe. Zacharie akahamia kwa shemeji yake kwa muda. Habari ikazunguka, wateja wakarudi kwa Kambere, wakachimba gunia kwa mkono, wakakuta kama alivyosema. Shehena ikaisha, batoto ya Kanyere wakala.

Shehena iliyofuata ilifika kavu. Lakini soko zima sasa lilikuwa limetandaza ukungu juu ya maharagi mazuri, Zacharie akiwa wa kwanza. Kanyere naye akaja na kopo la mabovu, mwenye furaha ya mtu aliyeielewa dini. Kambere akalimwaga.

"Unaficha tena, Mama Kanyere. Umegeuza gunia tu."

"Mais, Papa, na basoda ya Grady?"

"Tutawaambia iko muzuri yote."

Kanyere akaketi nyuma ya magunia yake safi, akisikia kamio ya askari ikipanda kilima.

Bado inapanda. Acha kiatu chako. Mimina gunia lako chini sasa hivi mbele ya watu, ya juu na ya chini wayaone, halafu nenda ukasimame kando ya yule mama kabla kamio haijafika.