Maji ya Kipindi cha Kiingereza

Mwalimu Tak Mi-gyeong alisoma kifungu cha Kiingereza, akakifasiri kwa Kikorea, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Wasichana waliinamisha vichwa. Maji yakaanza kuchuruzika sakafuni, kama kawaida, yakalowesha kandambili zao za darasani. Katika sekondari ile ya mji wa Gunsan, Korea, kimya cha kipindi cha Kiingereza hugeuka maji. Waliokuwa wameweka mikoba chini waliipakata, wakaendelea kuandika.

Dawa yake ilijulikana: mtu akisema, maji hupungua. Jumanne ile yalimfika kidevuni Ok Da-som, mfupi kuliko wote, aliyehamia muhula ule kutoka shule ndogo ya kisiwani. Akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiingereza cha kujikwaakwaa kwa nini mwandishi wa kifungu kile alikuwa na huzuni. Maji yakashuka hadi vifundoni.

Mwalimu Tak alifurahi mpaka akasahau ukurasa. Walizungumza, wao wawili, hadi kengele ikalia.

"Haya, mzungu wetu," wenzake walimdhihaki Da-som nje ya darasa. "Umetumalizia kipindi. Hilo swali lako litatoka kwenye mtihani?"

Jioni wazazi walipiga simu shuleni kulalamika. Mwalimu mkuu, Bwana Pyo, alimwita Mwalimu Tak, akammiminia chai ya shayiri.

"Mwalimu, mtihani wa kuingia chuo kikuu una macho na masikio. Mdomo hauna. Tumalize kitabu."

"Yule mtoto atakufa maji, mwalimu mkuu."

"Mbona wenzake hawafi?"

Kesho yake Da-som alinyoosha tena mkono. Mwalimu Tak aliuona. Alitazama kurasa zilizobaki, akasema, "Baadaye, Da-som." Maji yakampita mtoto puani, yakafunika nywele. Mkono ulibaki juu peke yake kwa kitambo, kisha ukashuka polepole kuchukua kalamu.

Hakufa maji. Alijifunza kuvuta pumzi humo humo, kama wenzake walivyojifunza zamani, na mwisho wa muhula akawa wa kwanza. Mwalimu Tak alipompongeza, Da-som aliinama kwa adabu. Mapovu machache yakamtoka mdomoni, bila sauti.

Wiki hiyo mama mmoja alipiga simu shuleni kwa hasira. Alitaka kujua kwa nini darasa la binti yake, ghorofa ya juu, bado lilikuwa kavu.