Sanduku la Kuni la Baba

Dada yangu Ingebjørg alipanga tufike kibandani saa sita mchana. Mimi nilipanga tusifike kabisa.

Kibanda alituachia baba, juu mlimani Valdres, nusu yake na nusu yangu. Jumamosi ile kilikuwa kinauzwa kwa daktari wa meno wa Oslo, jina lake Preben. Paa la nyasi lilikuwa linavuja, na dada, mwenye miaka sabini na sita, alikuwa amechoka kupanda juu kulitengeneza peke yake. Niliposikia habari hiyo nilikuwa ng'ambo, Gdansk, nikakubali kwa simu, nikarudi kutia sahihi. Ningebisha kwa mdomo gani? Miaka tisa jina langu halikuandikwa katika daftari la kibanda, ambamo kila anayefika hujiandika. Lakini duniani kote sikuwa na anwani nyingine.

Basi nikaendesha gari la dada pole pole. Kivukoni niliacha feri ya kwanza iondoke.

"Trygve! Ile inatuacha!"

"Mle chapati zimeisha, dada. Nimeuliza."

"Mzee mzima unasubiri feri kwa ajili ya chapati?"

"Wewe utakula ngapi?"

"Mbili. Na jibini la kahawia."

Tulikula nne kila mtu, tukitazama maji. Baada ya mlima wa kwanza tulikuta kondoo wamelala barabarani, lami ikiwapa joto.

"Piga honi."

"Wamelala."

"Ni kondoo, Trygve!"

"Ndiyo maana hawajui kwamba tumechelewa."

Dada akacheka bila kupenda, akampigia Preben simu: ufunguo uko kwenye msumari nyuma ya choo, ingia, washa moto, jisikie nyumbani. Kwetu hivyo ndivyo mtu anavyokaribishwa.

Tulifika saa tisa. Bomba la paani lilikuwa linatoa moshi. Preben alitupokea mlangoni amevaa sweta jipya la sufu, kahawa tayari, karatasi mezani, kalamu juu yake. Mtu mwema kabisa. Dada akavaa miwani, akashika kalamu. Kisha, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono kuchukua gogo la kuongeza ndani ya jiko.

Sanduku la kuni lilikuwa tupu.

Pale kwetu anayechoma kuni ndiye anayepasua nyingine. Anajaza sanduku, anapanga vibanzi na magome makavu ndani ya jiko, ili anayekuja nyuma yake, hata kama amelowa na vidole vimekufa ganzi, ahitaji njiti moja tu ya kiberiti. Baba aliwahi kumrudisha padri kutoka nusu ya njia kwa kusahau hilo.

"Preben, mwanangu, kuni ziko wapi?"

"Nimezichoma, mama. Zinawaka vizuri ajabu!"

"Zote? Mwezi wa saba?"

"Niliona kibaridi."

"Na za anayefuata?"

"Anayefuata si mimi? Halafu nitaweka hita ya umeme. Na kuni zinauzwa kwa magunia pale kituo cha mafuta."

Shoka lilikuwa nyuma ya mlango, hatua mbili kutoka kwake. Ningemkonyeza tu, angeelewa. Nikanywa kahawa.

"Nenda kwanza ukapasue," dada akasema.

Preben akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Mama, mikono hii ndiyo kazi yangu. Nikijikata kidole, nani ataniamini na meno yake?"

"Ni kweli," dada akasema kwa upole, akairudisha kalamu mezani. "Kwa hiyo kibanda hiki hakikufai. Na wala si kosa lako."

Walibishana kidogo, kwa adabu. Mwishowe dada akampa chupa ya jamu ya matunda ya mlimani, naye akaondoka akitupungia mkono. Kwa kweli nilimhurumia, lakini si sana.

"Usikenue meno," dada akaniambia gari lilipopotea. "Paa atalipanda nani?"

Nikatazama mlango. Ni tabia yangu ya zamani.

"Huko usitazame." Akalisukuma daftari mbele yangu. "Andika. Tarehe, hali ya hewa, siku utakayoondoka. Kama kila mtu."

Niliandika tarehe. Niliandika jua, upepo kidogo. Penye siku ya kuondoka kalamu ilikaa hewani muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha nikaandika: paa likiacha kuvuja.

Dada akasoma, akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi.

"Kwa mwendo wako huo," akasema, "utakuwa hapa mpaka theluji ya mwaka kesho."

"Kuna chapati?"

"Kuna kuni za kupasua."

Nikachukua shoka, nikatoka. Gogo la kwanza lilinishinda, la pili likakubali.

"Vibanzi viwe vyembamba!" akapaza sauti dirishani. "Si kama vile vyako vya zamani!"