Hadhira ya Jeconia

Jeconia alitengeneza masanduku ya bati huko Soweto West, Kibera, kwa miaka ishirini na saba. Nyundo ikamla masikio polepole, mpaka dunia yote ikawa kimya kama ya ndotoni. Mkewe, Risper, alipopewa nafasi katika mchezo wa kuigiza wa kanisa kule Kawangware 46, alimwomba aende amtazame.

"Nikafanye nini huko, Mama Billy? Hadhira ni watu wa kusikia."

Risper hakubishana. Alimwendea jirani yao, Mwalimu Mourine, anayefundisha Kiswahili. Jioni akachukua chaki ya mumewe, akaandika juu ya bati lililoegemea mlango: *Neno hadhira limetoka kwa Waarabu. Ni ukoo mmoja na kuhudhuria. Maana yake, waliopo.*

Jeconia akayasoma maneno yale mara mbili. Jumamosi akavaa shati lake la ibada.

Ukumbi ulikuwa wa mabati. Risper aliigiza mjane anayeimba dirishani akimngoja mwanawe. Alipofungua tu kinywa, mvua ikamwagika. Paa likanguruma, neno lisisikike. Watu wakatoa simu, wengine wakasogea mlangoni.

Jeconia hakujua kilichobadilika. Aliona tu mwanga umekuwa wa kijivu, laini, na mkewe anaelea ndani yake kama mtu aliye chini ya maji. Akainama mbele, akamtazama bila kupepesa.

Risper alikuwa karibu kunyamaza alipouona uso ule. Akaendelea. Mama aliyeketi kando ya Jeconia akaweka simu chini, akatazama alikotazama yeye. Kisha wa nyuma yake. Wa mlangoni nao wakarudi taratibu, wakaketi. Mvua ikapiga mpaka wimbo ukaisha, na hakuna aliyeondoka.

Walirudi kwa miguu, wakikwepa madimbwi.

"Yule mama wa dirishani alikuwa anamlilia nani?" Jeconia akauliza.

Risper akasimama mbele yake ili aione midomo yake. "Halii. Anaimba."

"Mimi nimeona analia."

Risper akaanza kutembea tena. Alilifikiria neno hilo njia nzima, na wiki nzima akishona nguo za wateja.

Jumamosi iliyofuata, mchezo ulipoigizwa tena, kulikuwa na jua. Akaenda dirishani, akauacha wimbo, akalia bila sauti.