Gavana Anang'olewa

Mama Pacha alikuwa juu ya ngazi, akiisugua shingo ya sanamu ya gavana wa kikoloni kwa tambara lililoloa mafuta ya taa. Mafuta yalimchoma kwenye michubuko ya vidole. Rangi nyekundu ilikuwa imegandia kwenye ukosi wa shaba, na hakuhitaji kuambiwa ni mkono wa nani ulioimwaga. Mdogo wake, fundi rangi, alimwambia hakimu waziwazi: aliyewachapa babu zetu viboko kwenye uwanja huu hawezi kusimama mlangoni pa mahakama. Hakimu akamfunga miaka miwili kwa kuharibu mali ya umma.

"Na masikioni sugua," msimamizi wa usafi alisema kutoka chini. "Waziri yuko njiani. Sanamu inang'olewa leo, lakini haiondoki chafu."

"Bosi, kama inang'olewa, basi ndugu yangu alikosa nini?"

"Alikosa subira. Alitangulia." Akacheka peke yake. "Shuka, dada. Ya wakubwa waachie wakubwa. Na huyo waziri usimsogelee. Una watoto wewe."

Akashuka. Akasimama nyuma ya kamba pamoja na wafagiaji wenzake.

Waziri alihutubia kwa sauti ya kutetemeka. Alisema babu yake mwenyewe alichapwa hapa. Alisema taifa lisiloona aibu na makovu yake halitapona. Watu wakapiga makofi, na Mama Pacha akajikuta anapiga pia, maana yalikuwa maneno ya mdogo wake, karibu neno kwa neno.

Winchi haikuweza kupita getini. Mafundi wakafungua nati, wakailaza sanamu kwa kamba juu ya magogo. Ndipo lori la magereza likaingia kinyumenyume, na wafungwa wa kuibeba wakaanza kuruka chini.

Wa mwisho alikuwa mdogo wake. Kichwa kimenyolewa, mashavu yamebonyea. Akaingiza bega chini ya gogo, upande wa kichwa cha gavana.

"Taratibu!" askari magereza alifoka. "Atakayeikwaruza atanitambua!"

Mama Pacha aliinama akapita chini ya kamba.

"Mheshimiwa! Huyo hapo ndiye aliyeanza! Mfungulieni!"

Waziri aligeuka, akatabasamu, akampungia mkono kama mtu anayeshangiliwa.

Msimamizi alishamkamata kiwiko. "Nilikwambia," alinong'ona. "Kachukue vitu vyako. Kesho usije."

Fundi rangi alikuwa ameisikia sauti ya dada yake. Akamtafuta kwa macho, akainua mkono mmoja. Gogo likayumba.

"Mikono miwili, wewe!" askari alifoka.

Akaushusha.

Walipokaribia lori, mpiga picha wa wizara alikimbia mbele yao, anahema. Hakuipata picha vizuri, alisema, mheshimiwa alikuwa ameangalia pembeni. Waziri akarekebisha tai yake, akasogea karibu na gogo.

"Warudi mwanzo," alisema. "Waje tena, polepole."

Na wafungwa, gavana mabegani, wakaanza kurudi kinyumenyume.