Tawi la Mzika Mfalme

Mdomo anao, shemeji yangu Bhekuyise, na huufungua pale pale kazi inapoanza. Mume wangu Mandlakayise alipofia mgodini Rustenburg, tuliletewa mwili tukauzika. Lakini roho haiji na jeneza. Hufuatwa ilipotokea, kwa tawi la mkunazi mwitu, na wa kulibeba ni kaka mkubwa wa marehemu, yaani Bhekuyise, si mjane. Njia nzima haongei na mtu ila na marehemu. Akimjibu mwingine hata neno, roho inabaki hapo hapo alipojibu.

Bhekuyise akaja na hoja ya jina. Mti huu ni umlahlankosi, mzika mfalme, akasema, kwa kuwa zamani machifu walifunikwa kaburini kwa matawi yake. Tangu lini msukuma toroli akawa chifu? Mama yao, MaZondi, akamwambia hilo ni jina moja tu. Kwao waliuita umphafa, na maana yake hakuna ajuaye. Wengine husema mfalme ni maiti yeyote, maana hata wakubwa humwinamia. Wengine huutaja kwa miiba yake, mmoja umenyooka mbele, mwenzake umepinda nyuma: nenda, lakini urudi kwenu.

"Mwanangu hajarudi," akasema MaZondi. "Namsikia mlangoni kila nikifumba macho. Nitalala lini?"

Bhekuyise akaona haya, akachukua tawi akaenda Rustenburg.

Tukapika pombe, tukachagua mbuzi. Siku ya kurejea kwake simu yangu ikalia. Ni yeye, yuko njiani, kituo cha mafuta Harrismith.

"MaNgubane, pombe imeiva? Isije ikawa changa nikaaibika mbele za watu."

Nikakata. Mpumbavu yule, kamwacha mume wangu katikati ya malori kwa ajili ya tumbo lake!

Aliingia jioni, kimya, kakunja uso kama padri, tawi kifuani. Watu wakampisha. Alipokwisha kuliweka ndani nilimvuta nyuma ya zizi, nikamwambia arudi Harrismith akamchukue ndugu yake.

"Punguza sauti, shemeji," akasema. "Jina la mti unalijua. Mumeo alikuwa mfalme?"

Nikamwacha, nikaenda ndani kulitangaza jambo hili ukoo mzima usikie. MaZondi alikuwa amepiga magoti upande wa ndani kabisa wa nyumba, mahali pa mizimu ya wazee wetu. Analipapasa tawi, miiba inamchoma wala hajali. Anamsimulia mwanawe habari za ng'ombe aliyezaa. Tangu msiba sijauona uso ule umetulia hivyo.

"Njoo, MaNgubane," akaniita. "Msalimie mumeo. Kachoka na safari."

Bhekuyise alikwisha kufika mlangoni, kibuyu cha pombe mkononi, ananitazama.

Nikapiga magoti mbele ya kijiti kile. "Karibu nyumbani, baba Thokozile," nikasema.

Usiku ule MaZondi alilala fofofo, anakoroma. Mume wangu yuko Harrismith.