Mabasi Mawili Kutoka Dzaleka

Nianze kwa kusema kwamba mimi sina kura Malawi. Sikuwa nayo mwaka ule wa 2013, sina leo, na sijawahi kuiomba. Mimi ni fundi wa kushona, mzaliwa wa Bukavu, na mali yangu yote pale mtaani Area 25 ilikuwa cherehani moja ya miguu kwenye baraza la mashine ya kusagia mahindi, sokoni, nafasi ya hatua nne kwa tatu. Mume wangu Bienvenu alibaki kambini Dzaleka na watoto kwa sababu ya shule. Baraza lile ndilo lililowalisha. Ningelikosa, ningerudi kambini kukaa mikono mapajani nikingoja mgawo. Kwa hiyo mtu akitaja kura karibu yangu, mimi huinamia cherehani.

Chama kimoja cha wenyeji kilikuwa kinatafuta mtu wa kugombea ubunge, na waliojitokeza kwenye mchujo walikuwa wawili: mai Namalomba, mwalimu mstaafu, na bambo Kamphata, mwenye majengo ya maduka. Mai kwao ni mama, bambo ni bwana. Chama kimoja, rangi moja ya zambarau, kitenge kimoja. Ungedhani ni watu wa tumbo moja. Thubutu! Wafuasi wao walichaniana mashati sokoni mchana kweupe, wakabanduliana mabango, na wanawake waliokuwa wakiimba pamoja kwaya moja wakaacha kusalimiana. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilikuwa naishona mimi.

Maana mai Namalomba ndiye aliyenipa kazi: magauni thelathini ya wanawake wake. Na jirani yangu Télesphore, mtu wa Uvira, alipanga duka lake la vitambaa katika jengo la Kamphata. Basi na sisi tukagombana. Wakimbizi wawili, hakuna mwenye kura hata ya dawa, tunarushiana maneno kana kwamba wagombea ni wajomba zetu.

"Mama Divin," aliniambia asubuhi moja, akiniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, "ule mwalimu wako atashindwa mbele jua halijapanda."

"Papa Solange, we uzisha bitambaa. Kura iko na benyewe."

"Na we magauni unashonea nani? Banyama?"

Ningenyamaza ingekuwa vizuri. Lakini mdomo wangu una miguu yake. Wiki ile nilikuwa nawaambia wateja, huku nikiwapima viuno, kwamba Kamphata akipita atauza uwanja wa mpira. Niliisikia wapi habari hiyo? Sijui. Pengine niliitunga nusu. Nakiri hapa, maana hadithi hii ina waongo wengi na sitaki kujitoa.

Mchujo ulifanyika Jumamosi, kwenye uwanja wa shule. Kwao hawakutumia karatasi. Wagombea wawili waliketi kwenye viti wakitazama ukuta, wamewapa watu mgongo ili wasione nani kamfuata nani, kisha kila mwanachama akaenda kupanga mstari nyuma ya mtu wake. Karani akapita akigusa bega moja moja na kuhesabu kwa sauti. Mai Namalomba alipata mia nne na kumi na mbili. Kamphata alipata mia tatu sabini na saba.

Mimi sikuwepo. Nilifunga kazi nikajifungia chumbani kwangu, maana siku ya namna hiyo mgeni hukaa kwake. Aliyetoka ni mama mkwe wangu, Eugénie, aliyekuwa amekuja kutoka Dzaleka kupimwa presha. Alitoka kununua nyanya, kajifunga kipande cha kitenge cha zambarau kilichobaki kwenye magauni. Akarudi saa sita, kikapu kitupu, amekasirika.

"Bantu ba hapa habana adabu," alisema akivua viatu. "Banakusimamisha mu jua, banakuhesabu, kisha habakupatie kitu. Hata sabuni!"

Nikaacha kukata mboga. "Mama, ulisimama wapi?"

"Mu mustari, pale ku masomo. Niliona mustari, nikaingia."

"Hukuuliza banatoa nini?"

Alinitazama kama mtoto asiye na akili. "Kule kwetu Dzaleka mutu anaingiaka kwanza mu mustari, kisha njo anauliza. Ukianza kuuliza, mafuta yanaisha."

Nilikaa chini, hapo hapo kwenye sakafu. Miaka tisa kambini ilikuwa imemfundisha hivyo, na mimi pia ingenifundisha kama nisingekuwa na cherehani. Nilimwomba asimwambie mtu. Sikumuuliza zaidi. Ya nini? Kitenge kilikuwa cha kwangu, magauni ya mai Namalomba yalikuwa yamejaa chumbani, na yeye ni mama mkwe wangu. Nilijua amesimama nyuma ya nani.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, habari ilikuwa imeshaota mabawa: Namalomba ameshinda kwa kura za wakimbizi. Wafuasi wa Kamphata walisema fundi wake, Mkongomani, ameleta mabasi mawili kutoka Dzaleka alfajiri. Wengine walisema wameyaona kwa macho yao, mpaka rangi wakataja: moja jeupe, moja lina mstari wa bluu. Jumatatu mteja wangu wa siku zote alikuja kuchukua gauni lake likiwa halina mikono. Nilimwambia halijaisha. Akasema atalivaa hivyo hivyo. Jumanne vijana waliinua meza yangu ya kupigia pasi wakaiweka barabarani, bila kusema neno, wakaondoka. Niliirudisha mwenyewe. Nikaupigilia msumari mguu wake mmoja uliolegea.

Jioni ile bambo Chingwalu akaniita. Yeye alikuwa mwenyekiti wa chama pale, na huyo huyo ndiye aliyegawa nafasi za soko. Mtu mpole, tena ndiyo maana nilimwogopa.

"Mai," alisema, "kuna shahidi aliyemwona mama mkwe wako mstarini. Kesho saa nne mje wote wawili. Ikiwa ni kweli, sitaweza kuwatetea. Wakimbizi wote wa soko hili watakunja vitu vyao warudi Dzaleka."

"Shahidi nani, bambo?"

"Télesphore."

Hasira niliyoisikia siwezi kuieleza vizuri. Mtu tunaongea lugha moja, tunaazimana chumvi! Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu, maana Télesphore hakuwa amesema uongo. Katika watu wa mabasi yote mawili, mmoja alikuwepo kweli, naye alikuwa amelala kwenye mkeka wangu.

Asubuhi nilimwambia mama Eugénie aseme hakutoka ndani siku ile. Yeye ni shemasi wa kanisa tangu kule kwao Fizi, kabla ya kambi.

"Nidanganye? Na buzee bwangu huu?"

"Mama, juu ya batoto. Bakitufukuza hapa, Divin atakula nini?"

Alikunja kitenge chake cha zambarau mara nne, akakiweka chini ya mto. Sikujua kama hiyo ni ndiyo au hapana.

Walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wa soko, huku wa Namalomba, huku wa Kamphata, wote wamevaa sare moja, wanatukanana. Kamphata aliketi mbele na mtu wake wa kumsemea, na nyuma yao alisimama Télesphore, anatazama viatu vyake. Mama mkwe hajui Chichewa zaidi ya zikomo, yaani asante. Bambo Chingwalu akaniambia nitafsiri mimi.

Hapo shetani akanijia, sitaficha. Nikawaza: mimi ndiye mdomo wake. Akisema alikuwepo, nitasema hakuwepo. Kisha nikamwona Télesphore ameinua macho. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Mlango ule ukafungwa.

"Mama," nikamwambia, "banauliza kama Jumamosi ulisimama mu mustari."

"Ndiyo," alisema. "Nilisimama."

Nikatafsiri. Ukumbi ukalipuka. Watu wa Kamphata walipiga meza, wakaimba, mmoja akanionyesha kidole akisema mabasi, mabasi! Wanawake wa mai Namalomba, wale wale niliowashonea, walisogea mbali nami kama nina upele. Niliwaza cherehani, jinsi nitakavyoibeba mpaka kituo cha basi, na Bienvenu atasemaje.

Bambo Chingwalu akagonga meza. "Muulize. Alisimama nyuma ya nani?"

Swali lile mimi sikuwahi kuliuliza. Nililiuliza sasa kwa sababu nimelazimishwa.

"Mi sibajue," alisema mama Eugénie. "Banatupatia mugongo. Nilisimama mu mustari mufupi." Kisha, akiona namtumbulia macho: "Mutu mwenye akili anaona mistari mbili, moja murefu, moja mufupi, anaenda mu murefu? Kufanya nini?"

Sikutafsiri. Nilikuwa nazikumbuka hesabu za karani. Mia tatu sabini na saba ulikuwa mstari mfupi. Mkimbizi mmoja tu aliyepiga kura Area 25 alikuwa amempigia Kamphata.

"Anasemaje?" aliuliza bambo Chingwalu.

Ningesema mimi, nani angeniamini? Nikageuka. "Papa Solange amesikia," nilisema. "Yeye ndiye shahidi wao. Atafsiri yeye."

Watu wote wakamtazama Télesphore. Kamphata naye aligeuka kwenye kiti. Kwa furaha yangu ya kwanza nilitaka kucheka, maana nilikuwa nimemnasa. Furaha ile haikudumu. Niliona anamtazama Kamphata, nikakumbuka funguo za duka lake ziko kwa nani. Angeweza kudanganya, sisi watatu tu ndio tungejua. Nilitamani nirudishe maneno yangu, nayo hayarudi.

"Anasema," alisema Télesphore kwa Chichewa, pole pole, "alisimama kwenye mstari mfupi. Kwa sababu ulikuwa mfupi."

Mtu mmoja nyuma akacheka, na wa Namalomba wakalipuka zamu yao. Bambo Chingwalu hakucheka. Alichukua kalamu, akakata namba moja kwenye karatasi yake, akaandika mia tatu sabini na sita. Akasema kura iliyoharibika ni ya mlalamikaji mwenyewe, matokeo yanabaki, nami nirudi kazini.

Nilirudi. Nilishona siku nzima na sikuona nilichoshona.

Kesho yake asubuhi duka la Télesphore lilikuwa na kufuli jipya, la mwenye jengo. Kufika saa sita, vitu vyake vikiwa vimetolewa nje, alikuja na kabaza, baiskeli ya kukodi, majora yake ya vitambaa yamefungwa nyuma. Maneno niliyokuwa nimemwandalia tangu Jumanne yalikuwa makali, mengine hayafai kuandikwa. Alisimama mbele ya baraza, hakushuka mara moja.

"Mama Divin, nilimwona kwa mbali. Ule mustari sikuuona mwisho wake. Bakaniuliza, nikasema nimemwona." Akafuta uso. "Sasa bantu ba mwalimu wako banasema mi njo nilileta mabasi, juu ya kumusaidia Kamphata."

"Mabasi ngapi?"

"Mabili."

Nilicheka mpaka nikashika cherehani. Kisha nikaona anafunga upya kamba iliyokuwa imeshafungwa, nikaacha. Wale waliokuwa wakisema hivyo ni wanawake wa magauni yangu thelathini.

Nikasimama, nikaisogeza cherehani hatua mbili. "Weka hapa," nilimwambia. "Upande ule maji ya mvua yanaingia."

Alianza kushusha majora. Mama Eugénie akamsaidia kushika kamba. Ng'ambo ya barabara vijana watatu wa zambarau walikuwa wamesimama wakitutazama, na mmoja, kwa kidole, alikuwa anatuhesabu.